Chatu wa maonyesho ni mtaji, akiugua ahesabiwe kama ng'ombe

Mkulima wa Bonde la Kilombero hahitaji kufundishwa kwamba mnyama mgonjwa ni hasara. Akimwona kuku amejikunyata, mabawa yameshuka na kinyesi ni cha kijani, anajua kideri kimeingia na kwamba asipofanya haraka banda litabaki tupu. Akimwona ndama amevimba tezi chini ya sikio na hana hamu ya kunyonya, anataja ndigana kali kabla ofisa mifugo hajafika. Maarifa hayo yamejengeka kwa miaka mingi kwa sababu kuku na ndama wana bei inayojulikana gulioni.

Yupo mnyama mwingine anayewaingizia watu fedha, lakini afya yake haina anayeihesabu. Mnyama huyo ni chatu. Kikundi cha ngoma kikishuka Mlabani, mjini Ifakara, kikiwa na chatu ndani ya sanduku, hakihitaji kipaza sauti ili kupata watazamaji. Watoto hutangulia, wanunuzi wa mpunga huacha mizani, na sahani ya kukusanyia fedha huanza kuzunguka. Chatu ndiye mtaji wa kazi hiyo. Akilala kizimbani amefumbua kinywa na kukoroma, watu wengi huona amechoka tu au ana hasira. Kumbe ni nimonia.

Hoja ya makala haya ni moja. Maradhi mengi ya nyoka wanaofugwa hutokana na namna wanavyotunzwa, na hutunzwa vibaya kwa sababu waliowashika hawakuwanunua. Wametoka porini bila kulipiwa, na akifa mmoja hutafutwa mwingine. Maadamu hali ni hiyo, hakuna atakayejisumbua kujifunza dalili wala kugharamia tiba. Dawa ya kwanza ya nyoka huyo ni kumwingiza kwenye daftari la hesabu, kama anavyoingizwa ng'ombe wa maksai au mtambo wa kukoboa mpunga.

Nyoka na riziki

Asili ya michezo hii inajulikana. Miongoni mwa Wasukuma, chama cha Bayeye kimekuwa kikishika nyoka na kutunza elimu ya dawa za kuumwa na nyoka kwa vizazi vingi, na ngoma ya chatu huonekana katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na jiji la Mwanza. Wasukuma walipohamia Bonde la Kilombero na ng'ombe wao, utamaduni wao nao ulihama.

Zaidi ya ngoma, kuna biashara iliyo rasmi. Nje kidogo ya Arusha, katika barabara ya kwenda Makuyuni, bustani ya nyoka ya Meserani imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 1993. Nchini Kenya, bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961, na kituo cha Bio-Ken kilianzishwa Watamu mwaka 1980 na James Ashe pamoja na mkewe. Katika maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro, mabanda ya wanyamapori hayakosi watu. Kwa hiyo anayedhani kwamba nyoka hana soko katika Afrika Mashariki hajatazama vizuri.

Tofauti kati ya bustani hizo na kikundi cha ngoma ni mtaji wa matunzo. Bustani ina vizimba, watumishi na mtu anayejua kumtambua nyoka mgonjwa. Kikundi kina sanduku la mbao, wakati mwingine kiroba tu, na pikipiki ya kusafirishia.

Mtaji wa bure hautunzwi

Chukua mfano wa kikundi cha watu wanane chenye chatu mmoja. Kama kikundi hicho kinacheza mara sita kwa mwezi na kila mchezo unaleta Sh60,000, mapato ya mwezi ni Sh360,000. Chatu akiugua na kushindwa kucheza kwa miezi miwili, kikundi kinakosa Sh720,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu na kila kikundi kinaweza kuweka zake, lakini zinaonyesha kitu ambacho wengi hawakioni. Sanduku pana lenye tundu za hewa, karai zito la maji, kipimajoto na turubai la kivuli kwa pamoja vinaweza kupatikana kwa sehemu ndogo tu ya hasara hiyo.

Kwa nini basi vitu hivyo havinunuliwi? Jibu ni kwamba kikundi hakioni hasara hiyo kama hasara. Chatu akifa, vijana wawili wanatumwa mashambani au kando ya mto, na baada ya wiki kadhaa wanarudi na mwingine. Gharama ya kumpata inaonekana kuwa ni jasho la vijana hao peke yake. Mwanauchumi yeyote anajua kwamba rasilimali inayopatikana bure hutumiwa hadi iishe, kama ilivyotokea kwa samaki wa mito mingi na misitu ya vijiji vingi.

Ukweli ni kwamba chatu huyo ana gharama, ila anailipa mtu mwingine. Chatu mkubwa hula ndezi, mnyama ambaye wakulima wa miwa na mpunga wanamfahamu kwa uharibifu wake. Chatu mdogo na nyoka wengine hula panya. Watafiti wamekadiria kwamba panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yanayolimwa Tanzania kila mwaka. Kila chatu anayetolewa shambani na kufia kizimbani ni mlinzi aliyeondolewa bila mwenye shamba kuulizwa. Bonde la Kilombero lilitangazwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na eneo la karibu kilometa za mraba 8,000. Utajiri wa bonde hilo ni pamoja na viumbe ambao hawapendwi.

Dalili ambazo mwenye nyoka anapaswa kuzijua

Ugumu wa nyoka ni kwamba hana sauti ya kulalamika. Ng'ombe huinamisha kichwa, mbuzi hulia, kuku husinzia mchana. Nyoka mzima hukaa kimya na nyoka mgonjwa hukaa kimya vilevile. Porini, mnyama anayeonyesha udhaifu huliwa, hivyo nyoka huficha maradhi hadi yamekomaa. Kwa sababu hiyo anayesubiri dalili kubwa huwa amechelewa. Kinachotakiwa ni kumkagua kila siku na kuandika.

Dalili ya kwanza ni pumzi. Nyoka mzima hupumua kwa pua, kinywa kimefungwa. Akifumbua kinywa ili apate hewa, akikoroma, akitoa mapovu au kamasi puani na kinywani, au akiinua kichwa juu muda mrefu kana kwamba anatafuta hewa, njia yake ya hewa imeshambuliwa. Hali hiyo hutokea mara nyingi anapowekwa mahali pa baridi na unyevu usiokauka, kwa mfano sakafuni usiku wa Juni na Julai au kwenye banda linalovuja wakati wa masika.

Dalili ya pili iko kinywani. Fizi za nyoka mzima ni safi na zina rangi ya waridi iliyofifia. Zikiwa nyekundu, zimevimba au zina usaha mzito wa manjano unaofanana na jibini, huo ni uozo wa kinywa. Huanza na jeraha dogo, kwa mfano nyoka anapogonga pua kwenye wavu wa kizimba ili atoke. Ipo pia sababu ya aibu. Katika nchi kama India na Morocco, baadhi ya wacheza nyoka wamekuwa wakiwang'oa meno au kuwashona midomo ili wasiume. Nyoka wa namna hiyo hufa kwa usaha na njaa. Ambaye hawezi kucheza na nyoka mwenye meno yake hana budi kutafuta kazi nyingine.

Dalili ya tatu ni wadudu. Chatu aliyetoka porini huja na kupe waliojibana chini ya magamba, na hao huonekana kwa macho. Wabaya zaidi ni utitiri, vijidudu vyeusi vidogo kama punje ya ungaunga wa baruti, ambavyo hukusanyika pembeni mwa macho na chini ya kidevu. Nyoka mwenye utitiri hupenda kujizamisha kwenye maji kwa saa nyingi. Anayetaka kuhakikisha ampitishe nyoka kwenye kitambaa cheupe chenye unyevu, kisha atazame kilichobaki kitambaani. Utitiri hunyonya damu, humdhoofisha nyoka na unaweza kuhamisha maradhi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Dalili ya nne ni ngozi. Kujivua gamba ni jambo la kawaida na si ugonjwa. Siku chache kabla yake rangi hufifia, macho huwa na ukungu wa kibuluu, na nyoka hukataa chakula na huwa mkali. Baadaye macho hung'aa tena na gamba hutoka zima kama soksi iliyogeuzwa. Tatizo ni gamba linapotoka vipande vipande, au utando wa jicho unapobaki. Hiyo ina maana kwamba hewa ilikuwa kavu mno, nyoka hakupata maji ya kutosha au ana utitiri. Wapo wanaovuta gamba hilo kwa kucha au kwa kibano, na wengine wameharibu macho ya nyoka kwa njia hiyo. Njia salama ni kumweka kwenye chombo chenye taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu kwa muda, gamba lilainike lenyewe.

Dalili ya tano ni chakula. Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu chatu mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asipate dhara lolote. Kukataa chakula peke yake hakutoshi kumtangaza mgonjwa. Swali ni je, anapungua? Nyoka anayekonda huonyesha mstari wa uti wa mgongo kama paa la nyumba, na ngozi ya ubavuni hukunjamana. Anayecheua chakula siku mbili tatu baada ya kumeza ana tatizo jingine. Ama alishikwashikwa mapema, ama joto halikutosha, ama ana minyoo au viini tumboni. Kinyesi chenye kamasi, damu au harufu isiyo ya kawaida kinaelekeza huko huko.

Dalili ya sita ndiyo ya kutisha zaidi. Nyoka anayetazama juu bila sababu, anayetetemeka kichwa, au aliyegeuzwa chali akashindwa kujirudisha, ameguswa mishipa ya fahamu. Inawezekana ni joto kali au sumu. Inawezekana pia ni ugonjwa wa virusi unaowashambulia chatu na jamaa zao, ambao haukujulikana chanzo chake hadi mwaka 2012 watafiti wa California, Marekani, walipovitambua virusi vinavyohusika. Ugonjwa huo hauna tiba. Mwenye nyoka zaidi ya mmoja akiona dalili hizo amtenge mgonjwa siku hiyo hiyo.

La kufanya, na la kutofanya

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kukimbilia duka la dawa za mifugo. Mwenye nyoka hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe akampaka nyoka mwenye kupe, au sindano ya oksitetrasaiklini akamchoma kwa kipimo cha kukisia. Dawa ya kuogesha iliyopimwa kwa ajili ya ng'ombe wa kilo 250 inaweza kumuua nyoka wa kilo 10 kupitia ngozi. Dawa ya sindano nayo hupimwa kwa uzito wa mwili, hufanya kazi vibaya nyoka akiwa na baridi, na huweza kuumiza figo za nyoka asiyekunywa maji. Kazi hiyo aachiwe mganga wa mifugo.

Lakini yapo mambo ambayo mwenye nyoka anaweza na anapaswa kuyafanya mwenyewe kabla mganga hajapatikana.

Kwanza, amtenge mgonjwa na asimguse pasipo haja. Maonyesho yasimame. Hakuna jambo gumu kwa kikundi kama hili, lakini mchezo mmoja wa nyoka mgonjwa unaweza kugharimu michezo yote ya msimu.

Pili, arekebishe joto. Nyoka hatengenezi joto lake kama ng'ombe. Huliokota kutoka nje. Nyoka asiye na joto la kutosha hameng'enyi chakula, na kinga yake hushuka. Kizimba kizuri kina upande wa joto la nyuzi kama 30 hadi 32 na upande wa kivuli wenye nyuzi kama 25 hadi 26, ili nyoka achague mwenyewe. Kama taa inatumika, izungushiwe wavu, kwani nyoka anaweza kujikunja kwenye balbu hadi aungue. Kwa Ifakara hatari iliyo karibu zaidi ni joto kupita kiasi. Sanduku lililoachwa juani Novemba, au kiroba kilichofungwa nyuma ya pikipiki saa saba mchana, kinaweza kumuua chatu kabla safari haijaisha.

Tatu, maji safi yawepo wakati wote kwenye chombo kizito kisichopinduka, kinyesi kiondolewe siku hiyo hiyo, na matandiko yabadilishwe. Magazeti makuukuu yanatosha. Yana faida moja kubwa, kwamba utitiri na damu huonekana juu yake upesi.

Nne, asimlazimishe kula. Chakula kinachosukumwa kooni mwa nyoka mgonjwa huozea tumboni. Akishapona apewe windo dogo, na asiguswe kwa saa 48 baada ya kumeza.

Tano, achunguze chakula chenyewe kilikotoka. Mjini Ifakara maghala ya mpunga hutegewa sumu ya panya, na panya aliyekula sumu hiyo hukamatika kirahisi kwa sababu amelegea. Ukimpa chatu panya huyo, umempa na sumu. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana naye si chakula. Vilevile panya mzima asiachwe usiku kucha na nyoka asiye na njaa, kwani panya humtafuna nyoka mgongoni na majeraha yake ni makubwa. Kikundi kinachofuga panya wake kwenye kreti mbili tatu kimejiepusha na balaa nyingi.

Sita, apime na aandike. Hakuna haja ya vifaa vya gharama. Mizani ya mnunuzi wa mpunga inatosha. Nyoka hutiwa kwenye gunia, hupimwa, kisha uzito wa gunia hutolewa. Daftari lenye tarehe ya kula, tarehe ya kujivua gamba, uzito wa kila mwezi na safari zilizofanyika litamsaidia mganga kuliko maelezo ya mdomo ya watu wanane wanaobishana.

Afya ya anayemshika

Jambo hili halimhusu nyoka peke yake. Nyoka hata akiwa mzima anaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni, na bakteria hao huwasababishia watu homa na kuhara. Watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Katika mchezo wa mtaani ni watoto hao hao wanaoalikwa kumgusa chatu, kisha wanakwenda kula embe. Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni ingefaa iwe sehemu ya vifaa vya kila kikundi, kama ilivyo ngoma yenyewe. Karai la nyoka lisioshwe mahali vinapooshwa vyombo vya kulia.

Kuhusu nyoka wenye sumu, kama vile swila, kifutu na koboko, hapana mjadala. Hao wasifugwe nyumbani wala kuchezwa mtaani. Tanzania haitengenezi dawa ya kutibu sumu ya nyoka na hutegemea inayoagizwa nje. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Mpalilia mpunga aliyeumwa shambani hakuwa na la kuchagua. Kuongeza majeruhi wengine kwa ajili ya burudani ni kuzidisha mzigo kwa hospitali zinazohudumia bonde hili.

Sheria ipo, huduma haijafika

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawaweka wanyamapori wote chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kumshika chatu na kumweka nyumbani bila leseni ni kosa. Biashara ya chatu kati ya nchi na nchi nayo inasimamiwa na mkataba wa CITES. Machi 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na Juni 2022 tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kumaliza wanyama waliobaki mikononi mwao lilisitishwa mara tu lilipotolewa. Mjadala wakati ule ulikuwa wa fedha na uhifadhi. Ni wachache walioulizia hali za wanyama waliokuwa wamekwama vizimbani.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ina makao makuu Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho hufundisha waganga wa mifugo na kina hospitali ya wanyama, kiko mji huo huo. Kutoka Ifakara ni zaidi ya kilometa 200. Kwa hiyo elimu na mamlaka vyote viko katika mkoa mmoja na nyoka hawa, lakini mwenye chatu wa Mlabani hana njia ya kuvifikia. Akimwendea ofisa mifugo wa kata ataambiwa kwamba nyoka si mifugo. Akienda kwa ofisa wanyamapori anahofia kukamatwa. Hivyo anarudi nyumbani na nyoka wake anayekoroma.

Pengo hilo linaweza kuzibwa bila kuunda idara mpya. TAWA inaweza kuweka sharti kwamba leseni ya kikundi cha maonyesho itolewe na kuhuishwa baada ya kuonyesha daftari la afya, kizimba kinachofaa na jina la mganga wa mifugo anayewajibika. Chuo kinaweza kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa maofisa mifugo wa Kilombero, Ulanga na Malinyi, yakiwa na mambo machache tu, yaani namna ya kumshika nyoka, kutazama kinywa, kutambua utitiri na kujua wakati wa kupiga simu Morogoro. Vikundi vyenyewe vinaweza kuchangia mfuko mdogo kutokana na kila mchezo kwa ajili ya matibabu. Sh2,000 katika kila mchezo wa Sh60,000 haitamwacha mtu na njaa.

India inatoa somo. Kabila la Irula, katika jimbo la Tamil Nadu, waliishi kwa kukamata nyoka na kuuza ngozi zao. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972 na zuio la biashara ya ngozi lililofuata viliwaacha bila kazi. Mwaka 1978 waliunda chama cha ushirika kwa msaada wa mtaalamu wa nyoka Romulus Whitaker. Tangu hapo nyoka hukamatwa kwa kibali, huwekwa kwa wiki chache, hukamuliwa sumu inayouzwa kwa watengenezaji wa dawa, kisha hurudishwa porini wakiwa na alama. Nyoka akifa mikononi mwao, ni ushirika uliopata hasara. Ndiyo sababu wanamtunza. Kwa Kilombero si lazima kuiga ukamuaji wa sumu. Kinachofaa kuigwa ni kanuni ya kwamba idadi ina kikomo, na aliyepewa kibali ndiye anayebeba hasara.

Wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la anasa. Kuku wa wilaya nzima wanakufa kwa kideri, maofisa mifugo ni wachache, sasa waanze kupima chatu? Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haimhitaji ofisa. Joto, maji, usafi, chakula salama na daftari ni kazi ya mwenye nyoka, na gharama zake zinatoka kwenye sahani ya mchezo. Ofisa anahitajika kwa wachache wanaobaki.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku kabisa. Hao nao wasikilizwe, kwa maana nyoka angekuwa na afya njema zaidi akiwa kichakani. Hata hivyo zuio lisilo na msimamizi huwafanya watu wamfiche nyoka chini ya kitanda, na nyoka aliyefichwa haonwi na mganga wala ofisa wanyamapori. Afadhali wachache wenye leseni, wanaojulikana na wanaokaguliwa, kuliko wengi wanaokimbiakimbia usiku na viroba.

Mwenye kikundi asiyetaka masharti hayo abaki na ngoma, nyimbo na wachezaji wake, na chatu amrudishe kwa watu wa wanyamapori wamwachie mahali panapofaa. Anayetaka kuendelea naye akubali kwamba amekuwa mfugaji. Mfugaji huamka asubuhi akatazama zizi kabla ya kutazama mfuko. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na chatu anayekoroma sandukuni ni mali inayoisha.